Vigingi Vyeupe vya Shimo la Sita

Mimi mtu akinisaidia kabla sijamwomba, namwangalia mikono. Sifichi. Mume wangu husema nina roho ya askari wa getini, na watoto wangu wameshazoea kwamba jirani akileta maembe mimi huuliza kwanza ana shida gani. Sikuzaliwa hivyo. Nilifundishwa, na aliyenifundisha alikuwa mwalimu hodari, na shule yenyewe ilikuwa shamba letu lililopakana na uwanja wa gofu.

Juzi juzi gari langu lilikataa kwenda nikiwa mji wa Salama, pale barabara ya Mombasa inapobanwa na malori pande zote mbili. Vijana wakanisukuma, nikawaangalia mikono wote, hadi kwa gereji moja ya mabati nyuma ya maduka. Fundi akafungua boneti, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akaniambia nikae kwa benchi ningoje. Benchi lilikuwa kando ya pipa la oili chafu. Unaijua ile oili ikishatolewa kwa injini, nyeusi tititi, jua likiichemsha? Niliivuta puani mara moja tu, nikawa na miaka tisa, miguu mitupu, Susu wangu amesimama mbele yangu na panga mkononi ananiambia niiname, wanapiga.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Wangu aliitwa Mbula. Alinilea yeye, kwa sababu mama alikuwa anafanya kazi Mombasa na alikuja Krismasi. Tulikaa mwendo kidogo kutoka Kwa Vonza, wawili tu, na mbuzi wachache, na mbwa ambaye Susu alimwita Polisi kwa sababu alitaka watu wamsikie akimwita.

Shamba letu lilipakana na klabu. Ilikuwa klabu ndogo ya mashimo tisa, ya kale, na kwa ukame wetu ule msifikirie nyasi za kijani. Nyasi za kijani tuliziona kwa kalenda. Pale palipo na bendera, mahali ambapo kwingine hupandwa nyasi laini, kwetu palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiuchukue. Wakati wa jua kali harufu ile ilipanda ikaingia jikoni, na hata leo mimi muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, usio na harufu ya oili kwa mbali naona kama umekosa kitu.

Sisi mchezo ule tuliujua kwa makosa yake. Aliyepiga vizuri hatukumwona, mpira wake ulikwenda zake kwa bendera naye akaufuata huko mbali. Tuliyemwona ni yule aliyekosa. Kwa hivyo nilikua nikidhani gofu ni mchezo wa wanaume wazima kutafuta vitu vichakani huku wakitukana kwa Kiingereza. Na kwa kuwa nilichunga mbuzi kando ya mpaka kila likizo, nikazijua sehemu zote za adhabu kuliko wenyewe. Shimo la pili, upande wa kulia, kulikuwa na korongo. Mpira ukitumbukia humo, mwenye mpira husimama juu, anachungulia, anakumbuka habari za nyoka, anasema potelea mbali. Shimo la nne lilikuwa na mkonge, na mkonge haurudishi kitu cha mtu. Niliona mwalimu mmoja wa sekondari akiingiza mkono akautoa na damu hadi kiwiko. Shimo la tano lilikuwa na silanga, lile bwawa letu la kukusanya maji ya mvua, na hapo ndipo nilipochekea sana, maana silanga lile halikuwa na tone la maji miezi minane ya mwaka. Lakini walikuwa wameweka vigingi vyekundu kulizunguka, na sheria ni sheria. Kwa macho yangu haya niliwaona watu wazima wamesimama kwa vumbi, ng'ombe wanapita katikati, wanaambiana kwa huzuni kwamba mpira umeingia majini.

Ila mahali pabaya kupita pote palikuwa kwa Susu.

Shimo la sita lilipinda. Mwenye subira alipiga moja kwa moja, kisha akageuka kushoto. Mwenye majivuno aliona shamba letu limekaa hapo kwa kona, akajiambia atapiga juu yake afupishe njia. Na karibu kila mwenye majivuno aliangusha kwa benchi zetu za chini, yale matuta ya kukinga udongo usichukuliwe na mvua. Zilikuwa tatu. Susu alizichimba yeye mwenyewe akiwa kijana, pamoja na wanawake wenzake wa mwethya, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakiimba na kupokezana majembe. Udongo wote mzuri wa mteremko ule uliishia hapo. Juu tulivuna mawe na mbaazi kidogo, lakini benchi tatu za chini ndizo zilitupa ndengu, mahindi na kunde. Tulikula kutoka hapo, tena mwaka mzima. Zikienda, tumekwenda.

Sasa Susu alikuwa amesikia barazani, siku nyingi, kwamba mtu akitumia shamba la mwingine miaka mingi bila kukatazwa, anaweza kulidai likawa lake. Neno hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Akatazama ile mipira inayonyesha kwake kila Jumamosi, akaelewa. Hawa watu hawachezi, wanakanyaga. Hawawezi kuja na miguu kwa sababu watafukuzwa, basi wanatuma mpira uje ukanyage kwa niaba yao, na siku moja watasema tumetumia pale miaka na miaka na hakuna mtu ametukataza.

Kwa hivyo akakataza. Oo, alikataza! Mtu akikaribia mpaka, Polisi analetwa.

"Umepoteza nini kwangu?" Susu alimuuliza siku moja bwana mmoja mnene mwenye kofia nyeupe, mguu mmoja umeshavuka mpaka.

"Mpira tu, mama. Nauona, ule pale kwa kunde."

"Mpira hauna miguu. Nani ameutuma?"

"Nimeupiga mwenyewe kwa bahati mbaya."

"Bahati mbaya kila wiki? Toa huo mguu."

Yule bwana akautoa. Kisha akafanya kitu ambacho wote walifanya wakiangusha kwetu, kitu kilichotutia hofu kuliko vyote. Alirudi nyuma, mwendo wote ule, hadi pale alipoanzia, akapiga mpira mwingine. Wa korongoni hawakurudi. Wa silanga hawakurudi. Ni wa kwetu tu.

"Susu, mbona wanarudi?"

"Ukimkosa swala, si unarudia?" akasema, akanisukuma niingie jikoni.

Basi nikajua wanatulenga.

Kila mpira ulioanguka tuliuokota na kuutia ndani ya kiondo kikubwa kilichoning'inia jikoni. Sikuruhusiwa kuuchezea hata mmoja. Ulikuwa ushahidi. Susu alisema siku ya siku ikifika, atakibeba kiondo kile mbele ya serikali akimwage, waone wenyewe jinsi alivyosumbuliwa. Nilikuwa nikikitazama nikilala, kimetuna, mipira imegeuka rangi kwa moshi, nikajisikia salama.

Aliyetutia shaka zaidi ya wachezaji alikuwa Mutiso. Huyu alikuwa mfanyakazi wa klabu, ndiye aliyeleta oili kutoka gereji, akaichanganya na mchanga, akaulainisha kwa ubao, akafyeka nyasi. Mtu mwembamba, suruali yenye madoa meusi hadi magotini. Kosa lake lilikuwa upole. Alitusalimia akienda na akatusalimia akirudi. Mwaka mmoja wa kiangazi alituletea mtungi wa maji ya bomba la klabu bila kuombwa, na Susu akampa Polisi kwanza, tukangoja hadi saa kumi tuone kama atakufa. Polisi hakufa. Bado hatukuyanywa, tuliogea.

"Huyo ndiye macho yao," Susu aliniambia. "Mtu hatembei na jua bure."

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa nimetangulia kufungua mbuzi nikaviona, vigingi vinane vyeupe, vipya, rangi yake bado inang'aa, vimepigwa kwa mstari ulionyooka pembeni kabisa mwa benchi yetu ya chini, kutoka mkonge hadi mkonge. Nilimwita Susu. Alikuja na kijiko cha kukorogea uji mkononi. Akasimama. Akavihesabu kwa kidole. Kisha akakaa chini, pale pale kwa umande, yeye aliyekuwa akinikataza mimi kukaa chini bila gunia.

"Wametupima," akasema. "Kavata, wametupima tukiwa tumelala."

Siku hiyo hakula. Siku ya pili hakuamka. Watu wa kanisa wakaja wakasema ni presha, wakamwombea, naye akasema anafunga siku tatu, Bwana aamue. Nilikuwa nikimsikia akiongea peke yake nyuma ya pazia, anataja majina ya wale wanawake wa mwethya mmoja mmoja, wengi walikuwa wameshakufa. Niliogopa. Nilijua kabisa kwamba Susu akifa, nitapelekwa kwa mtu ambaye simjui, na kwamba vigingi vile ndivyo vinamuua.

Siku hiyo ya pili Mutiso alikuja hadi getini. Susu akajikokota hadi mlangoni, amejifunga shuka, mimi nikamshika Polisi kamba.

"Mwaitu, pole," akasema, akimwita mama kwa heshima ya kwetu. "Nimesikia wewe ni mgonjwa. Hii vigingi usiogope, ni mimi nimepiga. Ni ya kuzuia hawa watu. Ukiona nyeupe hivi, maana yake..."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu amenituma."

"Aliyetumwa na hakuna mtu ndiye mbaya. Kavata, achilia mbwa."

Nikaachilia. Ndiyo, ni mimi. Polisi alimpata suruali, akaichana pindo, na Mutiso akaenda zake akirukaruka na mguu mmoja. Nilikuwa nimemsikia vizuri kwa masikio yangu mawili. Lakini alikuwa ameongea pole pole mno, na mimi nilishafundishwa kwamba muongo haongei kwa haraka.

Jumatatu klabu haikuwa na watu. Nilikwenda kutafuta kuni mchana kweupe, na kila nilipofika kwa kigingi nilikitikisa huku na huku hadi kikatoka, nikakitia katikati ya mzigo. Vinane vyote. Nikarudi nyumbani, nikapika isyo kwa kuni zile. Mahindi na maharagwe huchukua moto mwingi, na vigingi saba viliisha kabla ya jua kushuka. Rangi ilitoa moshi mchungu.

"Kavata, isyo inanuka nini?" Susu akauliza kutoka kitandani.

"Ni mkonge umeingia kwa moto, Susu."

Cha nane sikukichoma. Kilikuwa cha mti mgumu, kimechongwa vizuri, na mbuzi wetu mkubwa alikuwa amevunja cha kwake. Nikakipaka tope na majivu hadi weupe ukapotea, nikakipigilia katikati ya uwanja wetu, nikamfunga mbuzi.

Kesho yake Susu alijikaza akatoka kwenda chooni, akatazama chini kule kwa mpaka. Niliona mgongo wake ukinyooka. Akaenda hadi pale, polepole, akashika udongo mahali palipokuwa na shimo, akarudi akilia na kucheka, akala sahani mbili za isyo. Jumapili akasimama mbele ya kanisa letu la mabati, leso mpya kichwani.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Nilifunga siku tatu. Adui alikuwa amepiga vigingi kwa jasho langu. Na kwa mkono wake mwenyewe, si mkono wa mtu, Bwana aling'oa!"

Kanisa likalipuka. Ngoma zikapigwa, mama mmoja akaanguka. Na mimi nikiwa benchi la mbele nikapiga makofi na mikono iliyokuwa bado na malengelenge. Ningesemaje? Ungekuwa wewe, una miaka tisa, ungemnyang'anya Mungu muujiza wake mbele ya watu?

Vigingi vingine havikuletwa. Mvua ikanyesha, tukavuna, ikapita. Kisha ikatangazwa kwamba klabu inataka hati ya uwanja wake na watu wa ardhi wanakuja kuonyeshwa mipaka. Susu hakuogopa hata kidogo. Aliteremsha kiondo kutoka ukutani, akakipangusa masizi.

Walikuja asubuhi, uwanjani kwetu. Afisa mwenye ramani iliyokunjwa, chifu, na katibu wa klabu, bwana mtanashati aliyesema tafadhali kwa kila kitu. Kanisa zima lilikuja kusimama na Susu. Mutiso alikuwa nyuma kabisa, kofia mkononi, na mimi nikamwona, nikajua leo ndio leo. Halafu nikaona kitu kingine. Mbuzi alikuwa amezunguka usiku kucha, na kamba ilikuwa imesugua kigingi chake. Tope lilikuwa limetoka. Pale kamba ilipopita palikuwa na pete nyeupe, nyeupe pe, hatua tano kutoka viatu vya afisa.

Nilitembea polepole nikakikalia. Nikatandaza sketi yangu, nikajifanya namshika mbuzi masikio.

Susu akakimwaga kiondo. Mipira iliviringika hadi miguuni kwa chifu, mingi ajabu, na watu wakanong'ona.

"Haya, angalieni!" akasema. "Hii yote imeanguka kwa benchi yangu!"

Katibu alikuwa wa kwanza kuinama. Akaokota mmoja, akaugeuza kwa vidole.

"Mama, tafadhali, hii mipira umeiokota kwa muda gani?"

"Tangu kabla huyu mtoto azaliwe! Kila Jumamosi! Hakuna Jumamosi mmewahi kuniacha!"

"Kwa benchi zote tatu?"

"Zote tatu!"

"Asante sana, mama," katibu akasema, kisha akamgeukia afisa. "Mheshimiwa, sisi hatuna la kuongeza. Wachezaji wetu wametumia sehemu hii miaka yote hiyo. Mama mwenyewe amethibitisha."

Susu hakuelewa. Mimi pia sikuelewa, nilielewa tu kwamba afisa anaandika.

"Na hakukuwa na alama ya mpaka hapa?" afisa akauliza. "Ua, jiwe, kitu chochote?"

"Hakuna," katibu akasema.

"Ilikuwa."

Ilikuwa sauti ya Mutiso. Watu wakageuka. Katibu akamtazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

"Kulikuwa na vigingi nyeupe," Mutiso akasema, kofia inazunguka mikononi mwake. "Nane. Nilipiga mimi mwenyewe, kwa ukingo wa benchi ya chini. Kamati ndio ilikubali. Kwa gofu, mheshimiwa, nyeupe ni kusema hapo si kwetu. Mpira ukipita hapo umetoka nje, umekufa, unarudi kuanza upya. Hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. Hii shamba ni ya mama. Klabu yenyewe ilikuwa inajua, hata kabla ya vigingi walikuwa wanarudi."

"Viko wapi?"

Mutiso akatazama chini. Akamtazama mbuzi. Akanitazama mimi, muda mrefu.

"Sijui," akasema. "Pengine mchwa."

Watu wakacheka. Na hapo Susu akasogea mbele. Kwake yeye kigingi kilikuwa ni kupimwa, na kukubali kwamba vilikuwepo kulikuwa ni kukubali kwamba amepimwa, na mtu wa klabu hawezi kusema jambo la kumfaa.

"Muongo!" akapaza. "Huyu analishwa na wao! Hakuna kigingi kimewahi kukaa hapa! Waulize hawa!"

Susu wangu, mtu aliyeokoka, asiyesema uongo hata wa kumfukuza mgeni. Na afisa akawauliza. Kanisa zima, watu wote waliopiga kelele za amen juu ya vigingi vile, wakatazama miguu yao. Kisha mzee wa kanisa akasema hapana, hatujaviona, na wengine wakaitikia hapana. Walimpenda, jamani. Walidhani wanamwokoa.

Mimi nilikuwa nimekaa. Kigingi kilinichoma, mbuzi alikuwa anatafuna pindo la sketi yangu. Nilifikiri, huyu mtu anatutega. Anataka kionekane, tuitwe wezi, Susu afungwe. Nikakaa hadi vumbi la gari lao likatulia.

Benchi zote tatu zilikwenda. Walileta nguzo za saruji, wakazipiga juu yake, na msimu ule kunde zetu zilivunwa na ng'ombe wa watu. Tulianza kununua chakula, kisha kuomba. Mama aliacha kuja Krismasi ili nauli iwe unga. Mutiso alifukuzwa kazi wiki hiyo hiyo, na nitasema ukweli, tulifurahi.

"Unaona?" Susu alisema. "Amemaliza kazi waliyompa, wamemtoa."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kigoda chake alikigeuza kikatazama barabara. Hakutazama chini tena. Klabu yenyewe ilikufa kwa ukame, na zile benchi sasa ni ploti za watu, nyumba ya mawe imekaa juu ya udongo wa mwethya. Tulipomzika nilikuta kiondo chini ya kitanda, mipira yote imo. Alikufa akiamini ushahidi wake haukusomwa vizuri.

Hayo ndiyo nilikuwa nayafikiria pale Salama, kwenye benchi la gereji, wakati mzee mmoja alipopita mbele yangu na jerikeni la oili. Akanisalimia. Akaenda, akamimina kwa pipa, akarudi, akanisalimia tena. Kisha akaleta kikombe cha chai na andazi juu yake, akanipa, na mimi sikuwa nimemwomba kitu.

"Nani amekutuma?" Lilinitoka tu.

Mzee akacheka hadi akakohoa, akajishika kwa pipa.

"Wewe ni mjukuu wa Mbula," akasema. "Hata kama ningekuwa kipofu."

Nilimwangalia mikono. Ilikuwa myeusi hadi kwa makunyanzi, oili ya miaka yote. Aliniambia baada ya klabu hakupata kazi nyingine ila kwa watu waliokuwa wakimpa oili ya mchanga, na amekuwa hapo tangu siku hizo. Akauliza habari za Susu, nikamwambia. Akavua kofia.

"Mzee Mutiso," nikasema, "vile vigingi. Mbona hukutueleza?"

"Niliwaeleza. Nikiwa getini, mbwa ameshika suruali."

"Na ile siku?"

"Nilieleza tena. Mbele ya chifu."

Nikalisema tu lile lililobaki.

"Ni mimi niling'oa."

"Najua. Nyayo zilikuwa ndogo hivi." Akapima kwa kiganja. "Ndio maana sikuenda kuomba vingine haraka. Nilisema wakiuliza, watamfuata mtoto."

"Kimoja kilikuwa..."

"Ulikuwa umekikalia," akasema. "Nilikuona ukienda, nikaona na ile nyeupe. Afisa alikuwa amesimama karibu kuliko mimi."

"Sasa mbona hukumwonyesha?"

Akapangusa mikono kwa suruali, ingawa suruali ilikuwa chafu kuliko mikono.

"Uitwe mwizi mbele ya chifu na kanisa lote, miaka tisa? Hapana. Nikasema ngoja, mbuzi atavuta kamba, huyu mtoto atainuka, afisa akione mwenyewe bila mtu kushtakiwa. Nikangoja. Nilikuwa naomba kwa roho, Mungu wangu, ainuke." Akanitazama bila ubaya wowote. "Ungesimama tu, mami. Hata kusema hungesema."

Fundi akafunga boneti, akapangusa mikono, akaniita kwamba gari liko tayari. Akaniita mara ya pili. Chai ilikuwa imepoa mkononi, na mimi nilikuwa bado nimekaa.